Anayeguswa Ameshindwa

Jumatatu, tarehe 2

Shule zimefungwa. Binti yangu ni muuguzi na amepangiwa zamu za mchana mwezi mzima, kwa hiyo mjukuu wangu wa miaka kumi na mitatu ni wangu kuanzia asubuhi hadi jioni. Nilikuwa nimemtolea vitabu vinne kabatini. Amekuja na mfuko wenye taulo, miwani ya kuogelea na kofia ya mpira.

“Bibi, mimi niko kwenye timu. Mazoezi kila siku mpaka mashindano. Mama hajakwambia?”

“Mama yako huniambia mambo yakishapita.”

Nikavaa viatu nikamfuata. Bwawa liko nyuma ya ukumbi wa mikutano: mita ishirini na tano, vigae vya buluu vilivyobanduka pembeni, mstari mweusi sakafuni, na upande wa kina ambao mtu mzima akisimama ndani yake haonekani. Nimeketi kwenye benchi la saruji. Fundi wa bwawa, mzee wa rika langu, alikuwa akiokota majani majini kwa upondo mrefu wenye ndoano upande mmoja na wavu upande wa pili. Anaongea kuliko anavyofanya kazi.

“Karibu, Bi Mkubwa. Umekuja kuogelea au kuhesabu vichwa?”

“Kuhesabu vichwa.”

“Basi umechagua kazi ngumu.”

Jumanne, tarehe 3

Joto. Nimehesabu vichwa. Ni kumi na sita.

Jumatano, tarehe 4

Kocha ni kijana anayetafuna ubani na kuacha sentensi zake njiani. Leo nimelichungulia daftari lake la nyakati za watoto. Moja zake ni kama saba, na saba zake ni kama hakuna kitu. Nilimwambia hivyo.

“Basi andika wewe, Mama,” akasema, akanivisha saa ya michezo shingoni pamoja na kamba yake. “Mimi na kalamu hatupatani.”

Nilisoma prufu, kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuna kitabu kilichotoka pale bila kupita chini ya jicho langu. Tangu nistaafu, miaka tisa sasa, hakuna aliyenipa kazi yoyote zaidi ya kuangalia sufuria isifurike. Naona haya kuandika jinsi nilivyofurahi.

Ijumaa, tarehe 6

Watoto wamenipa jina: Bibi Saa. Nimewaonya kuhusu adabu. Hawakuonyeka, nami sikusisitiza.

Jumatatu, tarehe 9

Nimeifahamu sasa timu ya kupokezana. Ni wasichana wanne. Kila mmoja huenda na kurudi. Akigusa ukuta, mwenzake huruka. Wa kwanza ni Twiga, kwa sababu ya miguu. Wa pili ni Ndimu, ambaye hajawahi kucheka mbele yangu. Wa tatu ni Redio, ambaye hunyamaza majini tu. Mjukuu wangu wanamwita Nanga. Niliuliza kwa nini, wakacheka wote, hata Ndimu.

Nimeona sababu leo. Mazoezi yakiisha, kocha akiingia ofisini, hao wanne hubaki upande wa kina. Wanashika ukingo na kuhema haraka haraka mara ishirini, thelathini, kisha wanazama pamoja na kukaa sakafuni, viganja juu ya mstari mweusi. Mshindi ni wa mwisho kutoka. Sheria ni moja: hakuna ruhusa ya kumgusa aliye chini. Anayeguswa ameshindwa, hata kama ameguswa kwa bahati mbaya. Mchezo huu ulikuwapo kabla ya kocha kuja. Yeye ameuacha uendelee, na amesema atakayeongoza hadi wiki ya tatu ndiye atakayeogelea zamu ya mwisho kwenye mashindano.

“Pumzi ni hasara,” aliniambia. “Kila ukigeuza uso kuvuta hewa, umeshapoteza kiganja kizima. Ubingwa mwaka jana ulipotea kwa…” Akaonyesha kiganja.

Redio alinijia akidondoka maji. “Bibi Saa, tupimie na sisi wa chini. Siku zote tunabishana.”

Nikawapimia. Twiga sekunde arobaini na nane. Ndimu hamsini na tano. Redio thelathini na moja, akitoka na neno mdomoni. Mjukuu wangu dakika moja na sekunde mbili. Nilifungua ukurasa mpya nikaupigia mistari kwa rula.

Jumatano, tarehe 11

Joto limezidi. Fundi anasema maji hupungua kidole kizima kwa siku.

Alhamisi, tarehe 12

Timu imeogelea kwa dakika mbili na sekunde kumi na nne. Mabingwa wa mwaka jana walitumia mbili na saba. Kocha aliwakusanya akawaeleza kosa la kila mmoja, kwa utulivu, bila kumtukana mtu. Nakiri nilimhukumu mapema. Kijana huyu huona mkono uliochelewa kuingia majini kama mimi ninavyoona herufi iliyopinduka.

Jioni binti yangu alipita kumchukua mtoto, akiwa bado na sare.

“Anaendeleaje?”

“Vizuri sana.”

“Mama, mwingine akinishikia huyu mtoto, roho yangu haitulii. Nikikuachia wewe nafanya kazi yangu kwa amani. Wewe hukosei.”

Nimelikunja hilo neno nikaliweka mahali pazuri.

Jumamosi, tarehe 14

Mbili na kumi na moja. Chini ya maji, Nanga: dakika moja na kumi na tano. Midomo yake ilikuwa ya kijivu alipotoka. Maji ya kina ni baridi.

Jumatatu, tarehe 16

Dakika moja na ishirini na nne. Wenzake wameacha kushindana naye. Wao hutoka na kukaa ukingoni wakimhesabia kwa sauti. Kocha alisimama mlangoni mwa ofisi akasikiliza, kisha akapiga makofi. “Zamu ya mwisho ni ya Nanga.”

Njiani kurudi nyumbani alinishika mkono. Hajanishika mkono tangu awe na miaka minane.

Jumanne, tarehe 17

Fundi amenifuata kwenye benchi, akaketi bila kukaribishwa.

“Bi Mkubwa, ile hema-hema wanayofanya kabla ya kuzama umeiona?”

“Wanajaza hewa.”

“Hawajazi kitu. Wanaudanganya mwili. Ukihema namna ile, mwili unasahau kuomba hewa. Mtu anakaa chini anajisikia raha, hana shida yoyote, halafu taa inazimika. Hapigi kelele, harushi mikono. Anakaa vile vile alivyokuwa amekaa.”

“Umeyasoma wapi?”

“Sikuyasoma. Nimefanya kazi kwenye mabwawa matatu. La pili niliacha kazi.”

“Kwa nini?”

Alichukua upondo wake akaenda kuokota majani, ingawa hapakuwa na jani hata moja.

Nimeyaandika maneno yake kwa sababu huandika yote. Lakini mtu huyu husema pia kwamba klorini huponya mafua. Nitazungumza na kocha baada ya mashindano.

Jumatano, tarehe 18

Mbili na tisa. Mawingu yamejikusanya upande wa vilima mchana kutwa, yakatawanyika bila kutoa tone.

Alhamisi, tarehe 19

Hakuna la kuandika.

Ijumaa, tarehe 20

Kocha ameandika kwenye ubao wa mlangoni kwa chaki kubwa: NANGA 1:41. Watoto wadogo wanausoma ubao kwa sauti kila wakipita.

“Bibi Saa ndiye shahidi!” Redio anamwambia kila mtu. “Wote tulikuwa tumeshaondoka, lakini Bibi alipima. Mwulizeni! Bibi Saa haongezi hata nukta.”

Wamenigeukia. Nimesema imeandikwa.

Mjukuu wangu amenipikia chai asubuhi bila kuombwa, akaniwekea na kijiko kando.

Jumamosi, tarehe 21

Fundi ameuliza ni nani aliyeuacha upondo wake ukingoni upande wa kina juzi jioni, ukiwa umelowa hadi mwisho. Hakumwuliza mtu maalumu.

Jumatatu, tarehe 23

Fundi amekwenda mwenyewe kwa kocha. Niliwasikia kupitia dirisha la ofisi.

“Mzee wangu, wewe shughulikia maji, mimi nishughulikie watoto.”

“Wakiwa ndani ya maji, mwanangu, ni wangu pia.”

“Siku tano zimebaki. Unataka niwavuruge sasa hivi? Bibi wa mtoto mwenyewe yuko pale, ana saa mkononi. Ingekuwa hatari si angekuwa wa kwanza kusema?”

Fundi alitoka, akasimama mbele yangu.

“Sema kitu,” akasema.

Nilimwambia kwamba majani yamejaa kona ya kushoto.

Jumanne, tarehe 24

Mbili na nane. Hakuna upepo hata kidogo. Nguo zinakauka kambani kabla sijamaliza kuzianika zote.

Jumatano, tarehe 25

Binti yangu amepiga simu kutoka kazini.

“Mama, mtoto analalamika kichwa. Leo siku ya tatu. Na jana usiku alidondosha glasi mara mbili.”

“Ni jua.”

“Una hakika?”

“Nampa kofia.”

“Haya. Nitakuja Jumamosi kuwaona wakishindana, nikipata mtu wa kunishikia zamu. Usimwambie, nataka nimshtukize.”

Baadaye nimempa mtoto kofia, ili niliyoyasema yawe kweli.

Ijumaa, tarehe 27

Leo hakuna mazoezi. Tulikuwa jikoni, mimi nachambua mchele, yeye anasugua miwani yake kwa kitambaa.

“Bibi, kesho tukishinda nitakaa chini kidogo. Kwa ajili ya bahati ya mwakani. Ni desturi, wa mwisho ndiye anayekaa.”

“Kesho utakuwa umechoka.”

“Sekunde chache tu. Lakini usiniguse.” Aliweka miwani mezani. “Niahidi, Bibi. Mbele ya timu zote sita. Ukinigusa nitakuwa kichekesho mpaka nizeeke.”

“Mpaka uzeeke kama mimi?”

“Hapana, wewe hujazeeka, umechakaa tu.”

Alicheka, nami nikacheka. Nilimwahidi.

Jumamosi, tarehe 28

Ninaandika haya hospitalini, kwenye kiti cha plastiki, kwa kalamu niliyoazima mapokezi. Nitaandika kwa mpangilio, kwa kuwa sijui njia nyingine ya kuandika.

Tulipofika bwawani mbingu ilikuwa nyeusi toka upande mmoja hadi mwingine na hewa ilikuwa nzito kama taulo lililolowa. Timu sita. Jukwaa lilijaa. Binti yangu hakuwapo. Alikosa mtu wa kumshikia zamu. Kocha hakuwa na ubani mdomoni kwa mara ya kwanza.

Mbio za kupokezana zilikuwa za mwisho. Twiga aliruka vizuri akarudi wa pili. Ndimu alishika nafasi hiyo hiyo. Redio alichelewa kugeuka, tukawa wa tatu. Kisha mjukuu wangu akaruka. Alikwenda urefu wa kwanza bila kuvuta pumzi hata mara moja, akageuka, akarudi, na nilikuwa nikimtazama nikingoja ageuze uso, naye hakugeuza. Aligusa ukuta mbele ya wenzake kwa upana wa kiganja. Dakika mbili, sekunde tano, na sehemu nane za kumi.

Sijawahi kupiga kelele katika maisha yangu ya utu uzima. Leo nilipiga. Kocha alinikumbatia, akalia begani mwangu kama mtoto.

Walivishwa medali, kisha wasichana wakamsukuma kocha majini na nguo zake. Wote wakacheka. Wanne hao wakashikana mikono upande wa kina. Nilimwona mjukuu wangu akihema, kifua kikipanda na kushuka, na sikujua kama ni uchovu wa mbio au ni ile hema-hema. Waliruka pamoja. Kidole changu kilibonyeza saa chenyewe.

Mvua ikaanza wakati huo huo, ile mvua tuliyoingoja mwezi mzima, kwa matone makubwa. Watu walikimbilia chini ya paa. Twiga alitoka, Ndimu akatoka, Redio akatoka, wakakimbia na mataulo vichwani. Mama mmoja akauliza, “Na yule bingwa wenu?”

“Yuko chini anavunja rekodi!” Redio alijibu akiwa anakimbia. “Mwacheni, asiguswe!”

Nilibaki ukingoni peke yangu. Mvua ilikuwa imeyachafua maji juu, nami niliona kivuli tu, kimekaa juu ya mstari mweusi, kimetulia. Nilitazama saa. Hamsini na tano. Dakika moja na kumi. Nilifikiri: bado. Moja na ishirini na tano. Nilifikiri: nimeahidi. Moja na thelathini. Rekodi ilikuwa moja na arobaini na moja, imeandikwa kwa mkono wangu, na mimi nimeishi maisha yangu yote nikiamini kilichoandikwa.

Fundi alikuja nyuma yangu na koti la mvua.

“Bi Mkubwa, hesabu vichwa.”

“Watatu. Wa nne yuko chini. Usimguse, nimemwahidi.”

“Muda gani?”

“Moja na thelathini na nane,” nikasema. Kisha nikasema, Mungu anisamehe, nikasema, “Bado sekunde tatu.”

Aliruka na koti na mabuti yake.

Alimtoa akiwa amelegea, uso wa rangi ya risasi. Kocha alifika mbio akapiga magoti kwenye vigae. Alimgeuza, akamsafisha mdomo, akambana pua, akaanza kumpulizia. Yule aliyewafundisha kuwa pumzi ni hasara alikuwa akimpa za kwake, moja baada ya nyingine, na kila moja niliiona ikiinua kile kifua kidogo chenye medali. Sikumbuki ni ngapi. Nilikuwa nimeshika saa lakini sikuisoma. Mtoto alitapika maji, akakohoa, akalia kwa sauti isiyo yake.

Ndani ya gari la wagonjwa fundi aliketi mbele yangu, maji yakimtiririka. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Alinyoosha mkono tu akabonyeza saa iliyokuwa kifuani mwangu, kwa sababu ilikuwa bado inahesabu.

Jumapili, tarehe 29

Anapumua mwenyewe. Analijua jina lake na la mama yake. Mapafu yana maji na daktari anasema tungoje. Mkono wake wa kulia unatetemeka. Kuhusu huo pia anasema tungoje.

Asubuhi alifumbua macho akauliza, “Bibi, mbio ni saa ngapi?”

“Mlishaogelea. Mlishinda.”

Alinitazama kuona kama ninamtania. Hakumbuki chochote: wala kuruka, wala ukuta, wala medali. Medali iko kwenye bakuli la chuma kando ya kitanda, na yeye huitazama kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa.

Binti yangu anafanya kazi ghorofa ya juu ya jengo hili hili. Jana alishuka ngazi na sare yake baada ya mwenzake kulisoma jina kwenye orodha ya waliopokewa. Leo mchana mtoto aliposinzia alivuta kiti.

“Fundi amenieleza. Amesema alikuonya.”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo ulijua.”

“Nilijua.”

“Tangu lini, Mama?”

Nilimpa daftari hili. Alisoma kuanzia ukurasa wa kwanza, polepole, akifuatisha mistari kwa kidole kama nilivyomfundisha akiwa na miaka sita. Alipofika kwenye neno lake mwenyewe, kwamba mimi sikosei, kidole kilisimama kidogo, kisha kikaendelea. Alipofika tarehe kumi na tisa akainua uso.

“Hapa hakuna kitu.”

“Ndipo hapo,” nikasema.

Alilifunga daftari, akaliweka magotini mwangu, akaenda kusimama dirishani. Mvua ilikuwa bado inanyesha.

“Kaandike,” akasema bila kugeuka. “Halafu utanisomea. Na yeye akipata nguvu, atasikiliza.”

Jumatatu, tarehe 30

Kiwandani hatukufuta kosa. Tulilipigia mstari mmoja, ili lionekane lilikuwa kosa la nani, kisha tukaandika kilicho sahihi pembeni. Nimepiga mstari.

Alhamisi, tarehe 19. Sahihisho.

Wasichana wengine walikuwa wameondoka. Mjukuu wangu alisema, mara moja ya mwisho, Bibi, nipimie. Alihema, akazama, akakaa juu ya mstari mweusi. Ilipofika dakika moja na nusu viganja vyake viliachia sakafu. Alianza kupanda taratibu, mgongo ukiwa juu na uso chini, nywele zikimtangulia. Nilimwita. Nilichukua upondo wa fundi nikamnasa kwa ndoano kwenye kamba ya bega la nguo yake, nikamvuta ukingoni, nikampiga mgongoni mpaka akakohoa. Hakujua yuko wapi. Alipojua, alilia.

“Umenigusa. Bibi, umenigusa, nimeshindwa.”

Nilisema hakuna aliyeona.

“Usimwambie mama. Ataniondoa kwenye timu. Na wewe hutakuja tena, hutakuwa Bibi Saa.”

Hili la mwisho ndilo lililonishika. Nilimkausha kwa taulo. Nilitazama saa: nilikuwa nimeisimamisha pale mkono wangu ulipoacha upondo na kumshika. Kisha nikafungua daftari la timu, na kwenye mstari wa Nanga nikaandika, kwa tarakimu safi zisizoweza kusomwa vingine, dakika moja na sekunde arobaini na moja.